Shajara ya upinde wa robinia: kutoka gogo hadi ratili 45

Lengo

Nataka upinde mrefu wa kipande kimoja cha mti, usiounganishwa kwa gundi popote, unaovutwa kwa ratili 45 (kilo 20 na ushei) ukirudishwa inchi 28. Namba hizo mbili haziachani. Mtu akikwambia upinde wake ni wa ratili 60 na asitaje inchi, bado hajakwambia kitu, maana upinde huohuo ukiishia inchi 24 mizani itasoma namba nyingine kabisa.

Kwa nini 45 tu? Wapenzi wa pinde hawachelewi kuitaja Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, ambayo ilikutwa na pinde nzima zaidi ya 130. Waliozichunguza wanakadiria kwamba nyingi zilivutwa kwa ratili 100 hadi 185. Sawa, lakini hizo zilikuwa zana za askari waliokua na upinde mkononi. Mimi nataka kurusha mishale jioni nzima na kesho yake niweze kuinua mkono. Tena upinde mzito ambao huwezi kuufikisha mwisho wa mvuto wake hurusha vibaya kuliko mwepesi unaoumudu.

Januari: gogo na mgongo

Mti ni robinia (*Robinia pseudoacacia*), mgumu, mzito, wenye kiini cha rangi ya njano iliyochanganyika na ukijani. Gogo limepasuliwa kwa kabari likiwa bichi. Msumeno hukata unapoelekezwa, kabari hufuata nyuzi, kwa hiyo kipande kilichopasuka chenyewe hakifichi kitu: unaona mara moja kama mti umenyooka au umejisokota. Hiki kina msokoto kidogo upande mmoja, si wa kukitupa. Ncha zote mbili nilizipaka gundi nzito siku hiyohiyo, kwa sababu maji hukimbilia kutokea nchani na nyufa huanzia hukohuko.

Kisha mgongo. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na sijutii.

Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Nyuzi za mgongoni zikiwa zimekatwa hata mahali pamoja, ufa utaanzia hapo na upinde utakatika vipande viwili bila kukuonya. Ndiyo maana mgongo mzima, toka ncha hadi ncha, lazima uwe pete moja ya mwaka isiyoguswa na chuma. Kwa robinia unaondoa gome, unaondoa ule mti mweupe mwembamba wa nje, halafu unashuka ndani ya kiini pete moja baada ya nyingine hadi uipate iliyo nene na safi.

Kila pete ina matabaka mawili: gumu lililoshikamana, na laini lenye vitundu. Kisu cha mishikio miwili kikiwa kwenye tabaka gumu kinatoa mikanda mirefu inayojikunja, na mlio wake ni laini. Kikiingia kwenye vitundu, mlio unabadilika, kinakwaruza, na kinachotoka ni makombo yanayovunjika. Ukishasikia hivyo, punguza nguvu, kwa sababu chini ya yale makombo ndipo ilipo pete unayoitafuta. Mimi huacha kisu hapo na kushika kikwanguo cha chuma. Taa naiweka pembeni, chini karibu na usawa wa mti, ili sehemu ngumu zing'ae na zenye vitundu zibaki zimefifia. Kazi inakwenda kwa viraka: unafungua kiraka kinachong'aa, unakitanua, unakiunganisha na jirani yake.

Kwenye nusu itakayokuwa bawa la chini kuna kifundo kidogo, mduara wa kama kidole cha mwisho. Pete haikatizi pale, inapanda na kutengeneza kichuguu. Ukikisawazisha kichuguu ili mgongo upendeze, umezikata nyuzi zilizokizunguka kifundo. Kimebaki kama kilivyo.

Machi: kukausha

Nilikipunguza kipande kikaribie umbo kabla ya kukiweka kivulini penye hewa, kwa sababu kipande chembamba hukauka upesi na hakijipasui ovyo. Nakipima mara kwa mara. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka kwa kadiri hewa inavyoruhusu. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huuacha mti na maji kama asilimia 9 hivi, na hapo ndipo pazuri. Mti wenye maji zaidi hupinda na kubaki umepinda. Uliokaushwa kupita kiasi huvunjika.

Aprili: umbo

Urefu ni inchi 68 kutoka chale hadi chale (mikato ya nchani inayoshika upote, ule uzi wa upinde), yaani sentimita 173 hivi. Mshiko na mabega yake, inchi 8 za katikati, hautapinda, kwa hiyo kila bawa linabaki na inchi 30 za kufanya kazi. Kwa mvuto wa inchi 28 ningeweza kufupisha zaidi, lakini urefu ni bima: upinde mrefu hupinda kwa upole na mti wake hauchoki.

Upana ni milimita 40 kutoka begani hadi karibu nusu ya bawa, kisha unapungua kwa mstari ulionyooka hadi 12 kwenye ncha. Tumbo ni bapa. Wengi walitaraji nichonge tumbo la mviringo, lile umbo la herufi D la pinde za Waingereza. Umbo hilo linauendea vizuri mti wa *Taxus*, ambao kiini chake huvumilia sana kubanwa na weupe wake huvumilia sana kunyooshwa. Robinia ina sifa moja tu kati ya hizo mbili. Mgongo wake ni chuma, tumbo lake ni zuri lakini lina kikomo, na likizidiwa huota vikunyanzi, mistari myembamba inayokata nyuzi kwa upande, ambayo haiponi tena. Tumbo la mviringo hulundika mbano wote kwenye ule ukingo wa katikati. Tumbo bapa huugawa upana mzima. Si wazo geni. Pinde za mbao za Holmegaard, zilizotoka kwenye kinamasi huko Denmark mwaka 1944 na zenye umri wa miaka 9,000 hivi, ni pana na bapa.

Kulikuwa na tatizo la mstari. Nilipofunga uzi kutoka ncha moja hadi nyingine ulipita nje ya mshiko, kwa sababu bawa la juu lilikuwa limeegemea upande. Nililifukizia mvuke karibu na bega, kwa kanuni ya saa moja kwa kila inchi ya unene, nikalibana kwenye ubao kwa klampu likiwa limepitishwa kidogo upande wa pili, maana mti ukiachiwa hurudi nyuma kiasi. Sasa uzi unapita katikati ya mshiko, umekosea kwa milimita mbili. Zinatosha. Upinde ulirudishwa kivulini ukauke tena, kwa kuwa mvuke uliingiza maji yaleyale niliyokwisha kuyatoa.

Mei mwanzoni: hesabu kabla ya kukwangua

Kabla sijautundika ukutani, nataka kuandika hesabu inayoongoza kazi yote iliyobaki.

Ugumu wa bawa hufuata upana moja kwa moja. Ukipunguza upana kwa sehemu ya kumi, nguvu inapungua sehemu ya kumi. Lakini unene ni jambo jingine: ugumu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bawa la milimita 14 likishushwa hadi 13 halipotezi sehemu ya kumi na nne, linapoteza karibu sehemu ya tano ya nguvu zake. Upinde wa ratili 50 unakuwa wa 40 kwa milimita moja tu. Na sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya kawaida, ikiondolewa tumboni kote kwenye mabawa yote mawili, inaondoka na ratili moja.

Maana yake ni kwamba mwanzoni, kwa tupa kubwa, unaweza kwenda kwa kasi. Mwishoni tupa ni adui.

Kanuni ya pili ni fupi: upinde hauvutwi hata mara moja kwa uzito unaozidi ule unaoutaka. Lengo likiwa 45, mizani ikisoma 45 unasimama, iwe umefika inchi 10 au 26. Ukiuvuta hadi 60 ili kuona tu unavyopinda, tumbo limekwisha kubanwa kwa kiwango ambacho halitakutana nacho tena maisha yake yote, na alama ya mbano huo inabaki: upinde unalala, hauvutiki tena kwa nguvu mwanzoni, na mshale unatoka kivivu. Kwa hiyo inchi ndizo zinazosogea, ratili zinasimama palepale.

Kwanza, sakafuni. Ncha moja chini, mkono kwenye mshiko, unasukuma taratibu ukitazama ubavu wa bawa. Yalikuwa magumu yote mawili, la chini zaidi. Tupa ya mbao ilifanya kazi hadi mabawa yakaanza kuitika kwa pamoja.

Halafu ukutani. Ubao umesimamishwa, mshiko umekaa juu yake, kapi imefungwa chini, na kamba inapita kwenye kapi hadi nilipo mimi upande wa pili wa chumba. Mizani ya ndoano iko kati ya kamba na upote. Kuna sababu mbili za kukaa mbali: upinde ukivunjika vipande vinaruka juu na pembeni, na ukiwa mbali unaona umbo lote kwa mpigo mmoja, kitu usichoweza ukiwa umeinama juu yake.

Upote wa kwanza ni mrefu, umelegea tu, haukunji upinde. Kazi yake ni kuonyesha kama mabawa yanashuka sawasawa. Bawa la juu lilipinda zaidi karibu na mshiko na kubaki gumu nusu ya nje. Kila nikiondoa mti, navuta upinde nusu ya mvuto wake mara nyingi, polepole, kabla ya kutazama tena. Nyuzi haziitiki papo hapo. Ukiondoa mti, ukatazama na kuondoa tena bila kuuzoesha, mabadiliko yote yatakuja kwa pamoja baadaye na utajikuta umeshapita.

Mei katikati: upote mfupi

Mabawa yalipokuwa yanashuka inchi kadhaa kwa usawa nilifunga upote mfupi, upinde ukiwa umekunjwa kidogo, inchi 3 kati ya upote na mshiko. Mizani ilifika 45 kwenye inchi 17. Bado upinde mzito mno, jambo zuri.

Kuna kifaa kimoja ningekiweka juu kuliko vyote kwenye meza hii: kipande cha mti kilichonyooka, urefu wa kiganja, kilichotobolewa katikati na kutiwa penseli. Upinde ukiwa umekunjwa, tumbo linakuwa na bonde. Nakilaza kipande palipopinda zaidi, nashusha penseli hadi iwe karibu kugusa lakini isiguse. Kisha nakitelezesha kwenye bawa lote. Palipo na bonde dogo kuliko hapo, penseli inagusa na kuchora. Nafungua upote, nakwangua mistari ya penseli hadi ifutike, si zaidi, nafunga tena. Jicho linaweza kudanganywa na msokoto wa mti au na mabega ambayo hayakuanza sawa. Penseli haidanganywi na hayo.

Penseli iliendelea kuchora mahali pamoja: bawa la chini, pale kwenye kifundo. Na pale sikukwangua. Mti ulio jirani na kifundo una nyuzi zilizopinda, ni dhaifu hata kama unaonekana mgumu, na kuuacha uwe mnene kidogo ni kuulinda. Nilikubali kwamba upana wa vidole vitatu wa bawa la chini hautapinda kama wengine, na nikapunguza kidogo pande zake mbili ili kazi igawanyike. Ukiutazama upinde ubavuni utaona pamenyooka kidogo. Kwa pinde za kipande kimoja mimi naona hilo ni sawa kabisa. Anayetaka mkunjo wa duara kamili anunue mbao zisizo na historia.

Jingine nililolifuatilia ni urefu wa pengo kati ya upote na kila bawa, nikipima mahali pamoja juu na chini. La juu nimelipa milimita 5 zaidi, yaani bawa la chini limebaki gumu kidogo kulizidi. Mkono unashika chini ya mstari wa mshale, na vidole vinavuta juu ya katikati ya upinde, kwa hiyo bawa la chini linabeba zaidi kidogo. Ukiyaachia yawe sawa kabisa mezani, kwa matumizi la chini ndilo litakalochoka kwanza.

45 ikasogea hadi inchi 21. Upote nikaufupisha hadi mkunjo wake kamili, inchi 6. Tupa nikaiweka kando kabisa, nikabaki na kikwanguo.

Mei mwishoni: ratili za mwisho

45 kwenye inchi 24. Zimebaki inchi nne.

Upinde wa aina hii, ukiwa hauna kasoro, huongeza karibu ratili mbili na nusu kwa kila inchi upande wa mwisho wa mvuto. Inchi nne ni ratili kumi. Kwa hiyo nilichoshika mkononi wakati huo kilikuwa upinde wa ratili 55 kwa inchi 28, bila ya kuuvuta hata siku moja hadi huko. Kutoka 55 hadi 45 ni kupunguza nguvu kwa karibu sehemu ya tano, na kwa hesabu ya unene hiyo ni chini ya milimita moja. Mti wote uliobaki kuondolewa ungeenea kwenye kiganja.

Lakini sikulenga 45. Nililenga 48, na kikomo cha mizani nacho kikapanda hadi hapo. Msasa utakula ratili moja au mbili, na upinde mpya hupoteza kidogo ukirusha mishale ya mwanzo, kisha hutulia. Ukifikia namba yako hasa kwa kikwanguo, utamaliza chini yake.

Kwa kuwa umbo lilikuwa tayari sawa, kazi ilibadilika. Sasa sikufuata tena penseli mahali pamoja pamoja, nilikwangua tumbo zima kwa hesabu ileile juu na chini: miburuzo kadhaa kutoka begani hadi nchani, bawa la pili vivyo hivyo, halafu kuzoesha, kupima, kutazama. Inchi 25. Inchi 26, na hapo bawa la juu likaanza kupinda kupita mwenzake katikati, nikaliacha likae na kukwangua la chini peke yake hadi mapengo yakarudi. Mkwanguo mmoja mzuri unatoa nyuzinyuzi nyembamba zinazopitisha mwanga. Ukianza kupata vumbi, chuma kimepoteza makali.

Kingo zote za mabawa nimezivunja mviringo. Kona kali mgongoni ndiko kibanzi hupenda kuinuka.

Ilipofika 48 kwenye inchi 28 nilivuta mara moja, nikasoma, nikaachia taratibu. Mpigaji hukaa hapo sekunde chache tu, hakuna sababu ya kuuning'iniza ukutani ili kuupiga picha. Nilipofungua upote, ncha zilikuwa zimerudi nyuma ya mstari wa mgongo kwa sentimita mbili tu, mkunjo ambao mti haukuuachia. Kwa robinia ya bapa nilikuwa tayari kukubali hadi nne. Nimekagua tumbo kwa kioo cha kukuzia na taa ya pembeni, hasa karibu na kifundo, na halina kikunyanzi.

Juni: msasa, mafuta, mishale

Msasa kutoka mwororo wa kati hadi mwororo kabisa, mgongo nikaugusa tu. Mafuta ya kitani, tabaka jembamba, kusubiri likauke, jingine. Juu yake nta ya nyuki. Mafuta hayazuii unyevu moja kwa moja, yanauchelewesha, na hilo linatosha kwa upinde usioachwa mvuani. Mshiko umezungushiwa ngozi.

Upote ni wa dakroni (uzi wa poliesta unaonyumbuka kidogo), nyuzi 12. Kuna nyuzi za kisasa zisizonyumbuka ambazo zingeongeza mwendo wa mshale, lakini chale nimezikata kwenye mti mtupu bila kuongezea kitu kigumu nchani, na upote usionyumbuka ungeupasua.

Baada ya mishale ya kutosha ya kuuzoesha, kwanza kwa mvuto mfupi, kisha inchi 28, mizani inasoma 45. Asubuhi upinde ukiwa haujavutwa inasoma 46, ukishapashwa moto inarudi 45. Mrudi wa ncha umeongezeka kidogo, sentimita mbili na nusu, na umeganda hapo.

Kilichobaki ni mishale inayoufaa. Mshiko sikuukata dirisha, yaani pengo la kupitishia mshale katikati, kwa hiyo mshale unatoka ubavuni mwa mti na lazima ujikunje kuuzunguka ili uende ulikoelekezwa. Mshale mgumu mno haujikunji, nao kwa mpigaji wa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Laini mno unakwenda kulia. Nimeanza na fimbo za mbao za ugumu unaolingana na ratili 40 hadi 45, zenye uzito usiopungua gramu 29 zikiwa na kichwa na manyoya, maana mshale mwepesi kupita kiasi unaurudishia upinde nguvu ambazo zingetakiwa kuondoka nao. Kundi la kwanza linaelemea kushoto. Nitarefusha fimbo kwa nusu inchi na kuongeza uzito wa kichwa kabla ya kugusa chochote kwenye upinde.